Nyasi Zisizo na Mizizi

Mama mkwe wangu, Bi Zamda binti Twalibu, alikuwa mfua majamvi. Ungeuliza Tabora mjini miaka ile, kuanzia Gongoni mpaka Isevya, nani anaweza kutoa doa la mafuta ya taa kwenye mkeka bila kuuchakaza ukindu, ungeelekezwa kwake. Mama yake, Bi Batuli, alikuwa msusi wa mikeka. Zamda mwenyewe hakuwa na subira ya kusuka. Akashika kazi ambayo wenzake waliiona ya mwisho, kuisafisha. Kila Ramadhani ilipokaribia, misikiti ilimletea majamvi kwa mkokoteni. Aliyatandaza uani, akayapiga vumbi, akayasugua, akayaanika upande mmoja hadi kivuli kihame, kisha upande wa pili.

Alikuwa mjane. Mumewe, Selemani, alifanya kazi reli, akafariki mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwana wao pekee, ambaye baadaye alikuja kunioa mimi, wakati wa habari hii alikuwa kambini JKT. Kwa hiyo mengi nimeyapata kwa Bi Zamda mwenyewe, niliyemwita Mama, tukichambua mchele, na machache kwa majirani, ambao walitia chumvi yao. Chumvi hiyo nimejitahidi kuiacha kando.

Ilikuwa Oktoba mwaka 1974. Mvua ya msimu uliopita ilikuwa imekatika mapema. Dukani watu walipanga foleni ya unga wa njano waliouita Yanga, na maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa juma, kwa kukohoa. Mji mzima ulikuwa na rangi ya majivu. Hata miembe, Mama aliniambia, ilionekana kama imepakwa vumbi kwa makusudi.

Asubuhi moja akasikia hodi. Alikuwa Daktari Kornel, daktari wa mifugo, mtu wa Kasulu, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyevaa Kaunda suti ya kijivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Sikai, mama. Nimekuja na shida, na nakuomba usinicheke. Wameniambia hakuna mkeka uliowahi kukushinda."

"Ipo iliyonishinda. Ila wenyewe walininyamazia. Una mkeka gani?"

"Si mkeka. Ni nyasi."

"Nyasi hazifuliwi."

"Hizi zinafuliwa, mama. Tena zimetushinda."

Akamweleza. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka mitatu, na huko aliona uwanja wa mpira uliotandikwa nyasi za plastiki. Alipokuwa anarudi, mwalimu wake akampa kipande kilichobaki, kimekunjwa kama gogo. Kikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, na kutoka huko kwa treni hadi Tabora. Nyuma ya nyumba yake ya serikali alikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa wavu, wa mbwa wake wawili. Kiangazi pale palikuwa vumbi na kupe, masika tope na minyoo. Akaona atandike zile nyasi. Kwa miezi sita palipendeza. Kisha pakaanza kunuka. Mfanyakazi wake akamwaga dawa ya choo, harufu ikazidi. Akamwaga tena, mbwa wakawashwa miguu. Mwishowe mfanyakazi akaacha kazi, na majirani wakaanza kufunga madirisha mchana kweupe.

"Mbwa," Mama akasema.

"Wawili."

"Mwanangu, mikono hii inafua majamvi ya msikiti."

"Najua, mama. Ndiyo maana sikumtuma mtu, nimekuja mwenyewe. Ukikataa nitaelewa."

Mama hakukataa, na hakukubali. Alisema atafikiri. Baadaye aliniambia kilichomfanya asikatae ni neno moja tu: nyasi. Mji ulikuwa hauna jani bichi hata la kumfutia mtoto kamasi, na mtu huyu anasema ana uwanja mzima wa kijani uani kwake. Alitaka kuuona.

Siku hiyo hiyo akaenda kwa Maalimu Shomari, aliyesomesha Kurani nyuma ya soko. Maalimu alikuwa mtu mkali, lakini alipenda habari mpya kuliko alivyokiri.

"Nyasi za plastiki," akarudia. "Zina mizizi?"

"Sijui, Maalimu. Sijaziona."

"Zinakua?"

"Sijui."

Maalimu akakuna ndevu. "Kazi si haramu. Kinachokuhusu wewe ni unyevu wa mbwa. Mate yake, mkojo wake. Ukikugusa, osha mara saba, na moja ya hizo saba iwe kwa udongo. Na majamvi yetu usiyashike kabla hujajitoharisha."

Mama akashukuru, akasimama. Alipofika mlangoni akasikia, "Zamda! Ukiziona, uje uniambie zikoje."

Kesho yake akaenda. Alipitia ubavuni mwa nyumba, kitambaa cha kanga puani, kwani harufu ilimpokea tangu barabarani, kali, ya kuchoma macho. Alipopinda kona akasimama.

Hapa ndipo Mama, kila alipohadithia, aliacha kuchambua mchele.

"Nyamizi," aliniambia, "niliona kijani mpaka macho yakauma. Kijani cha Machi, mvua ikiwa imeshiba. Jani moja moja, limesimama, na jua la saa nne linapita katikati yake. Na pale nje ya wavu, hatua moja tu, ardhi imepasuka mikono inaingia. Nikasema, Subhanallah. Nikasahau hata kuziba pua."

Mbwa walikuwa wamefungwa upande wa pili. Mmoja, mkubwa mwenye sikio lililokatika, aliitwa Watasema. Jike, la rangi ya mchanga, liliitwa Tulia. Walimtazama bila kubweka.

Mama akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akachuchumaa, akaishika kona ya lile zulia na kuinua. Chini yake palikuwa peusi, pamepakwa kitu kama lami, na jani kila moja limeshonwa humo. Hapakuwa na mzizi hata mmoja. Na chini ya lile zulia, juu ya ardhi, palikuwa na uji mweusi unaofuka.

Akamwita daktari. "Njoo uone. Nyinyi mmekuwa mnafua uso, ugonjwa uko tumboni. Kila maji mliyomwaga yameusukuma mkojo chini, ukakaa. Hauna pa kwenda. Jua likipiga, unapanda tena."

"Tufanyeje?"

"Tuling'oe lote."

Daktari akavua koti. Wakalikunja wawili, wakalisukuma hadi kwenye jua, na Mama aliapa lilikuwa zito kuliko jamvi lolote la msikiti. Siku tatu zilizofuata walifanya kazi ambayo majirani waliitazama kupitia nyufa za madirisha. Vibarua wawili walichimbua ule udongo mbovu kina cha shubiri mbili, wakaupeleka mbali. Mama akaelekeza sakafu iinamishwe kidogo, upande mmoja uwe chini, na pale chini lichimbwe shimo lijazwe mkaa. Juu ya mteremko wakamwaga kokoto, na juu ya kokoto mchanga wa korongoni. Kisha akachoma msumari kwenye moto, akalitoboa zulia kwa nyuma, tundu kila baada ya kiganja, mamia ya matundu, magoti yakiwa kwenye gunia.

Ikabaki kulifua. Na hapo akakwama, kwa sababu sabuni aliyoijua iliteleza tu juu ya plastiki, na maji yenyewe yalikuwa ya kuhesabu kwa madebe.

Alikaa akilitazama lile zulia. Ndipo akakumbuka kwamba jibu la kazi hii alishapewa, ila alilichukua kama jibu la mikono yake peke yake. Mara saba, na moja kwa udongo.

"Daktari," akasema, "nataka udongo wa kichuguu."

Vichuguu Tabora si vya kutafuta. Kibarua akaleta magunia mawili ya udongo mwekundu. Mama akauponda, akauchekecha kwa chekecheke ya unga mpaka ukawa laini kama poda. Akamwaga maji ya kwanza, kidogo, akisugua kwa ufagio wa chelewa kinyume cha majani yanavyolala. Kisha akautandaza ule udongo juu ya nyasi zote, akaunyunyizia maji ukawa rojo, akausugua hadi mashinani, akauacha ukauke juani. Ulipopasuka akaukung'uta. Ukatoka mweusi. Akafuatisha maji ya tatu, ya nne, ya tano. Hakumwaga ovyo, alitumia kata, kama mtu anayemtilia mgeni maji ya udhu. Ya sita yalitoka na rangi ya chai. Ya saba yalitoka kama yalivyoingia.

Walilitandika upya alasiri ile ile, likiwa bado bichi. Mama akajitoharisha, akapiga goti, akainamisha uso mpaka majani yakamgusa shavu.

Harufu iliyokuwapo ilikuwa ya mvua.

Ndiyo, ya mvua. Udongo wa kichuguu ukilowa hunuka kama nchi iliyopata tone la kwanza, na mabaki yake yalikuwa yamebaki kwenye mashina ya majani. Ile harufu ikatembea. Mama akasikia dirisha likifunguliwa, kisha jingine. Mwanamke wa nyumba ya pili akatoka na kijiko mkononi, akatazama mbinguni, akauliza kwa sauti, "Imenyesha wapi jamani?" Mwingine akatoka, naye akatazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, nyeupe kwa joto.

Daktari Kornel alisimama mlangoni. Halafu akasema, "Mama, chuoni walinifundisha udongo wa mfinyanzi unashika harufu. Hilo nalijua. Lakini hawakunifundisha saba."

Mama alibaki amepiga goti pale pale. Alikuwa ameisikia ile amri tangu utotoni, akidhani ni ya vyombo na mikono na nguo. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba ingefaa hata kitu ambacho kilikuwa hakijazaliwa duniani. "Nilijiona mdogo, Nyamizi. Mdogo kama punje hii."

Jioni akapita kwa Maalimu kutimiza ahadi. Maalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakutoa mawaidha. Aliuliza tu, "Kijani sana?" na Mama akasema, "Sana, Maalimu."

Tangu hapo ikawa kazi yake. Kila asubuhi alinyunyiza majivu makavu juu ya mavi ya mbwa, akayazoa kwa koleo yakiwa yameshikana, bila kuyasugua. Palipo na mkojo alimwagia kata moja ya maji, iteremke kwenye kokoto hadi shimoni. Kila Jumamosi alirudia zile saba, pamoja na udongo wa kichuguu. Mkaa wa shimoni aliubadilisha kila mwandamo wa mwezi. Watu wakaanza kuja kuangalia. Walimu, wauguzi, wanawake wa soko waliovaa kanga safi kama wanakwenda harusini. Walisimama nje ya wavu, wakanong'ona. Mtu mmoja wa Usoke, mkulima wa tumbaku, aliomba aguse jani moja, akaligusa kwa kidole, akakiangalia kidole.

Mbwa nao walimshangaza. Siku ya kwanza waliporudishwa, walisimama ukingoni, hawakuthubutu kukanyaga. Tulia akanusa, akarudi nyuma, akanusa tena, kisha akajilaza chali na kujigaragaza akikoroma. Watasema alimfuata Mama kwa macho kila alikokwenda na ufagio. Mama alikuwa amekua akiwarushia mbwa mawe. Hakujua, alisema, kwamba mbwa huwa anatazama hivyo, kama mtu anayekusubiri umalize sentensi.

Asubuhi moja aliinama kuokota koleo, na Watasema akamlamba mkono, mara moja, taratibu, toka kiganja hadi vidoleni.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda kwenye debe lake, akachukua udongo, akaosha mkono mara saba akihesabu kwa sauti. Mbwa akakaa chini akimwangalia, kila hesabu akiinamisha kichwa upande. Alipomaliza, Mama akamwambia, "Umefanya lako, nami nimefanya langu. Hatuna ugomvi." Tangu siku ile alimpa Watasema salamu kila akiingia, kwa mbali. Watu walimcheka. Naye hakujali.

Sasa nije kwenye siku ya ng'ombe.

Ilikuwa Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, na mvua bado. Wafugaji wa Igunga na Nzega walikuwa wakiswaga ng'ombe wao kuelekea popote waliposikia pana maji. Mmoja wao, mzee aliyeitwa Masolwa, alikuwa ameacha kundi lake nje ya mji na wanawe wakubwa, akaja na ng'ombe mmoja kwa daktari, jike jeusi lenye doa jeupe kifuani. Lilikuwa limedhoofu hata unaweza kuhesabu mbavu ukiwa barabarani. Ofisini wakamwambia daktari ametoka, mjaribu nyumbani.

Mama alikuwa ndani ya wavu, amemaliza maji ya sita. Madebe mawili ya mwisho, masafi, ya kumalizia, yalikuwa pembeni. Akasikia kwato. Alipogeuka, yule ng'ombe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kichwa juu, pua zimetanuka. Kisha akaanza kuja. Hakukimbia, hakuwa na nguvu za kukimbia. Alikuja kama anayevutwa kwa kamba. Masolwa alimshika mkia, akaburutwa. Wavu ukainama, nguzo moja ikalala, na ng'ombe akaingia kwenye kile kijani, akainamisha shingo, akang'ata.

Watasema na Tulia walisimama. Mama akaogopa watamrarua. Hawakusogea.

Ng'ombe alivuta. Jani halikukatika. Akavuta tena, meno yakatoa mlio kama wa kitambaa kinachochanika. Akahamia hatua moja, akajaribu pale. Akatoa ulimi, akalamba. Kisha akabaki tu amesimama, midomo ndani ya zile nyasi, akipumua.

Masolwa alifika nyuma yake, akapiga magoti. Alikuwa amevaa katambuga za tairi na shuka lililofifia. Akapitisha viganja vyake juu ya majani, huku na huku.

"Mwadila, mayu," akamwamkia Mama kwa lugha ya kwao, yaani hujambo mama, bila kuinua macho.

"Mwadila, baba."

"Nyasi hii ni ya nani?"

"Ya daktari."

"Mbegu yake inapatikana wapi?"

Mama aliniambia kwamba katika maisha yake, akiwa ameosha maiti na kumzika mume, hakuna swali lililomshinda kujibu kama lile.

"Haina mbegu, baba. Si nyasi. Ni kitu kilichotengenezwa na watu, kiwandani."

Mzee akamtazama, akatazama chini. "Mtu ameweza kutengeneza hii?"

"Ndiyo."

"Na ng'ombe hawezi kula?"

"Hawezi."

Masolwa akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Uso wake, Mama alisema, ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa mno, kikubwa hata akashindwa kujua kama ni kizuri. "Mtu ana akili," akasema. "Mtu ana akili kweli. Amefika mpaka hapa, akaishia."

Mama akayaangalia yale madebe mawili. Bomba lisingetoa tena hadi keshokutwa. Bila maji ya saba kazi yote ya siku ilikuwa bure. Ingebidi aanze upya toka moja. Akalinyanyua debe la kwanza, akalibeba hadi mbele ya ng'ombe, akaliweka chini.

"Mayu, hayo ni yako," Masolwa akasema.

"Anywe."

Ng'ombe akanywa lile debe hadi ulimi wake ukasikika ukikwaruza bati. Mama akaleta la pili. Mbwa walikuwa wamekaa. Koo la ng'ombe lilikuwa likipanda na kushuka, na Mama aliona maji yakipita, donge moja baada ya jingine, chini ya ile ngozi kavu.

Daktari Kornel aliwakuta hivyo. Alimpima ng'ombe, akamchoma sindano, akamwandikia mzee kibali cha kupitisha kundi lake hadi bwawa la Igombe. Kuhusu wavu ulioanguka hakusema kitu. Alimuuliza Mama tu, "Maji ya saba?"

"Yamekwenda yalikotakiwa," Mama akajibu.

Mvua ilifika wiki ya pili ya Desemba, mchana, kwa kishindo. Mama alitoka nyumbani akiwa na gunia kichwani, akaenda mbio kwa daktari. Alitaka kuona mteremko wake utafanyaje. Alisimama pale nje ya wavu amelowa chepechepe, akaona maji yakizama kwenye nyasi na kutokea upande wa chini, safi, yakiimba ndani ya shimo la mkaa. Hakukuwa na dimbwi hata la kuku kukanyaga. Kisha, baada ya siku nne, pale nje ya wavu palipopasuka, akaona vijisindano vya kijani vimetoboa. Vilikuwa vichache na vibaya, vimepinda. Aliinama akaviangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kuyaangalia majani ya daktari. Alichimba kimoja kwa kucha, akakuta mzizi mweupe, mrefu mara tatu ya jani lenyewe, ambao kiangazi chote ulikuwa mle ardhini unangoja. Akakirudisha na kukifukia, akakiomba radhi.

Mwezi wa Machi Masolwa akarudi. Safari hii alikuwa amehamishiwa, yeye na jamaa zake, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, na alikuja mjini kwa shughuli za kijiji. Alimkuta Mama akipiga ufagio.

"Ng'ombe, baba?" Mama akauliza kabla hata ya kusalimiana.

"Walikuwa ishirini na sita. Wamebaki tisa."

Mama akashusha ufagio. "Na yule mweusi?"

"Yumo."

Mama akakaa chini, pale pale nje ya wavu. Mzee alimwacha akae. Halafu akaomba ruhusa aione ile nyasi tena, kwani wakwe zake wa Bukene walikuwa wamekataa kumwamini, na alitaka kuitazama vizuri ili awaeleze. Mama akafungua mlango wa wavu. Masolwa akavua katambuga zake, akaziweka pembeni, sambamba, akaingia miguu mitupu. Alitembea polepole hadi katikati, akasimama, mikono nyuma. Watasema akaenda akamnusa visigino. Mvua ndogo ilikuwa inaanza, na yule mzee hakuonyesha dalili ya kutaka kuondoka.